Mota ya Kupandisha Barua kwa Mzee Agustino

Barua yangu ya posa haikupelekwa na mtu. Ilipelekwa na lori.

Siyo lori la kubeba mahindi. Lori la kuchezea, urefu futi moja na nusu, la kuendeshwa kwa rimoti.

Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Wanaonijua Makambako watakwambia kwamba sizushi.

Mwaka ni 1994, enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mimi Xaveri nilikuwa fundi redio, kibanda changu kiko nyuma ya stendi. Redio kaseti zilikuwa zinaingia kwa maboksi, na nyingi zilikuwa zinakufa ndani ya miezi mitatu. Kwa fundi hayo yalikuwa maisha mazuri.

Siku moja akaja binti wa Njombe anaitwa Oktavia. Kila Jumatano alileta viazi sokoni kwetu, na siku hiyo alibeba na redio ya baba yake.

Niliitengeneza nusu saa. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Akarudi. Nikamwambia bado kidogo.

Mara ya tatu akaegemea meza yangu, akanitazama. "Fundi, redio ilishapona zamani. Sema shida yako."

Nikasema. Akacheka, akaniambia nitume mshenga kwao kama watu wenye adabu. Siku hiyo sikutengeneza redio ya mtu yeyote.

Sasa hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Baba yake, Mzee Agustino, alikuwa dereva wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa, akanunua lile lori alilokuwa analiendesha. Injini ikagoma, likasimama uani mwaka wa tatu. Kila Jumamosi alilifuta kwa kitambaa kibichi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mwanawe.

Madereva walimpa jina la Neno Moja. Akishasema, amesema.

Mimi kwa akili zangu nikamtuma baba mdogo Odilo awe mshenga. Msimu wenyewe ulikuwa wa ulanzi, pombe ya mianzi. Kutoka kwake Kichiwa mpaka Njombe, baba mdogo alisimama kila penye kibuyu.

Alipofika aliegemea lile lori. Akalipigapiga kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mzee, hiki chuma chakavu unakiuza kwa kilo?"

Mzee Agustino akawa mbogo. Majirani wakajaa. Akasimama mbele yao wote na kusema, "Barua ya huyo fundi haitaingia kwenye mji wangu kwa mguu wa mtu yeyote. Nimesema."

Huku kwetu barua isipopokelewa, hakuna posa. Na Oktavia akanitumia ujumbe kwamba mwalimu mmoja wa Wanging'ombe, anaitwa Methodi, ataleta washenga wake Jumapili ya tatu kutoka siku hiyo. Mwalimu ana mshahara, na mjomba wake anayewaongoza hanywi hata togwa.

Niliumia, sitaki kuwadanganya. Nilikwenda dukani kwa Kheri, muuza spea za magari, nikakaa juu ya tairi na kulia. Kheri ni Mwislamu, mtu wa Tanga aliyehamia Makambako kwa biashara, na ndiye aliyekuwa kama kaka yangu pale mjini.

"Alisemaje hasa?" akauliza. "Nipe neno kwa neno."

Nikampa.

Akakuna ndevu. "Kasema mguu wa mtu. Tairi hakulitaja."

Nilimwona kama amechanganyikiwa. Halafu nikakumbuka kilichokuwa uvunguni mwa kitanda changu.

Umeme nilijifunza kwenye karakana ya misheni. Bruda aliyenifundisha alipokuwa anarudi kwao Ulaya aliniachia lile lori la rimoti. Halikuwa la mbio. Lilikuwa la kukwea mawe, matairi manne makubwa yenye meno, na yote manne yanavuta. Shida ilikuwa moja tu, mota yake ilikuwa imeungua.

Nyumba ya Mzee Agustino imekaa juu ya kilima. Kutoka kwenye lango mpaka barazani ni mawe matupu, hatua ishirini na mbili. Nilikuwa nimeshazihesabu kwa macho.

Kwa hiyo ndoa yangu yote ikawa imebaki kwenye mota.

Nikaanza na mota za redio kaseti, maana nilikuwa nazo boksi zima. Nikafunga moja. Ikaimba vizuri sana na lori halikusogea hata unywele. Mota ile kazi yake ni kuzungusha utepe, utaibebeshaje barua ya posa?

Nikaenda kwa Rukaiya wa saluni, akanipa drai iliyokufa ya kukaushia nywele. Mota yake ilikuwa nzima. Nilipoiunganisha ililia kama nyigu aliyekasirishwa, na mimi nikasema hii ndiyo yenyewe, nimeoa.

Nikaliweka lori chini mbele ya saluni. Nikagusa rimoti.

Jamani. Sikuliona lilivyoondoka. Lilipita katikati ya miguu ya wateja, likaruka mtaro, likaingia kwenye beseni la maharage ya mama ntilie. Stendi nzima ilishangilia, makonda wakaniomba nirudie.

Nikalisafisha maharage, nikaenda nalo kwenye mawe ya karibu na reli huku nimevimba kichwa. Jiwe la kwanza tu, mota ikalia, ikatoa moshi, ikafa.

Kheri alicheka mpaka akashika kaunta.

"Fundi, lori likiwa na tani saba linapanda mlima Kitonga kwa gia gani?"

"Ya kwanza."

"Kwa mwendo gani?"

"Hata mwenye magongo anaweza kulipita."

"Na linafika?"

"Linafika."

"Basi wewe unatafuta mbio za nini? Unataka kufika kwa baba mkwe au unataka kumgonga?"

Akanifundisha namna wauza spea wanavyopima mota ndogo. Unaiwasha, halafu unabana shafti kwa vidole viwili. Ikisimama, mrudishie mwenyewe. Ikikuchubua, nunua.

Wiki nzima nilizunguka Makambako nikibana mota. Mota za feni, mota za midoli, mota za antena. Zote zilisimama kwenye vidole vyangu, lakini hazikusimama bila kunitoa ngozi kidogo kidogo. Ikafika mahali sikuweza hata kushika kijiko. Zikabaki siku kumi washenga wa mwalimu wafike.

Kheri akaenda Njombe kuchukua mzigo, akarudi anapiga mluzi.

Jumatano Oktavia akaja na viazi vyake. Chini ya gunia akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Bana hii," akasema.

Ilikuwa mota ya lori, ile ndogo ya kurusha maji kwenye kioo cha mbele. Nikaiunganisha. Ilizunguka taratibu, kwa kiburi. Nikabana.

Ikanichubua palepale. Sijawahi kufurahia kidonda kiasi kile.

"Umeitoa wapi?"

"Fundi, unataka mota au unataka historia?"

Nilihisi imetoka wapi. Kwao kulikuwa na lori moja tu. Nikaogopa, lakini sikumwambia airudishe. Mapenzi yalikuwa yameshanifanya mwizi wa mali ya baba mkwe kabla hajawa baba mkwe.

Nikahamisha gia ndogo kutoka kwenye mota iliyoungua, nikaikaza mota kwa bati la kopo la mafuta ya kula. Nyuma nikapakia betri ya pikipiki, na juu ya betri barua, ndani ya nailoni kwa sababu ya manyunyu.

Jumamosi, siku moja kabla ya Mwalimu Methodi, tulisimama nje ya lango mimi na Kheri. Kheri alivaa kanzu na kofia, mshenga kamili. Ukungu wa Njombe ulikuwa haujainuka vizuri. Mzee Agustino alikaa barazani na koti lake zito, redio niliyoitengeneza iko pembeni yake.

"Hodi, mzee wangu," Kheri akaita, akamsalimia kwa lugha ya kwao. "Kamwene."

"Kamwene. Hodi ya nani?"

"Ya barua."

"Nilishasema."

"Tumesikia, mzee wangu. Sisi hatuingii."

Nikaliweka lori chini ya lango, nikagusa rimoti.

Likaanza kupanda. Tairi moja linashika jiwe, jingine linaning'inia, linajikunja, linavuta, linafika. Polepole mno. Majirani wakatoka na vikombe vya chai mkononi. Kuku wakalifuata.

Hatua ya tano, ya kumi, ya kumi na tano.

Kwenye hatua ya kumi na nane likakwama. Matairi ya nyuma yakateleza kwenye utelezi wa manyunyu. Betri ikaanza kulemea upande, na lori lote likainama.

Nikamwona Oktavia mlangoni mwa jiko, kiganja mdomoni.

Mzee Agustino akasimama.

"Rudi nyuma kidogo," akasema.

Nikageuka kumtazama Kheri.

"Wewe, husikii? Rudi nyuma kidogo. Kata kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu. Sasa njoo. Usilikimbize, liache livute lenyewe."

Alikuwa ameinama pale barazani, mikono yote miwili hewani, analiongoza kama anavyoongozwa mtu anayeingiza trela kwenye kichochoro. Likavuta. Likapanda hatua ya kumi na nane, ya kumi na tisa, mpaka likagusa ncha ya buti lake. Majirani wakapiga vigelegele, na Kheri akanikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Mzee akachukua bahasha, akaitia kwenye koti bila kuisoma. Halafu akaliinua lori na kuligeuza matumbo juu.

Aliiangalia ile mota muda mrefu. Oktavia akainamisha macho.

"Mota umeichagua wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Umechagua vizuri. Wengi wangetafuta mbio." Akaliweka chini. "Lori limeshaingia. Dereva na utingo wake nao waingie, wanywe chai."

Miezi mitano baadaye nikaoa. Mwalimu Methodi alikuja harusini, tena alicheza kuliko mtu yeyote.

Na mimi kuanzia hapo nikawa na hadithi. Kila msiba, kila kipaimara, lazima niisimulie nilivyomzidi akili Mzee Neno Moja na mota yake mwenyewe. Hakuitambua mzee wa watu, nasema, na watu wanacheka.

Nilisimulia hivyo miaka saba.

Mwaka 2001 Kheri akatupatia injini, nikaenda Njombe na fundi mwenzangu kulifufua lile lori. Likaunguruma. Mzee alikuwa ameshazeeka, amekaa kwenye kigoda, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Nikaingia nyuma ya usukani kujaribu kila swichi. Taa sawa. Waipa sawa. Maji ya kioo hayatoki.

Nikakumbuka, nikacheka peke yangu. Nikashuka na kufungua boneti.

Pale pa mota palikuwa patupu, kama nilivyojua. Ila skrubu zake nne zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu, zimekazwa, kila moja imepakwa grisi isishike kutu. Nyaya zimezungushiwa utepe. Mpira wa maji umefungwa kwa uzi na kukunjwa.

Nikasimama pale nimeshika boneti.

Mke wangu nampenda, lakini Oktavia akifungua kitu, skrubu mbili zinapotea hapohapo. Cherehani yetu mpaka leo imeshikiliwa kwa kamba.

Ile haikuwa kazi ya Oktavia. Ilikuwa kazi ya dereva aliyelipenda lori lake.

"Baba," nikamwita. "Hii mota aliifungua nani?"

Mzee akatazama kilima cha upande wa pili.

"Kheri alipita hapa siku ile. Akaniambia vidole vyako vimeisha ngozi."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Neno nilikuwa nimeshalitoa mbele ya watu. Ningelirudishaje? Nikamwambia binti akupelekee, asiseme."

"Na kama lingekwama pale kwenye mawe?"

"Si lilikwama," akasema. "Kwani nilisimama kufanya nini?"

Nikakaa chini, kwenye majani, mikono imejaa grisi. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia sikuona haya.

Oktavia alikuwa mlangoni mwa jiko, anatucheka wote wawili. Miaka saba ananisikiliza ninavyojisifu misibani, na hajawahi kunikatiza.

Ndugu unayesoma, ninachokuachia ni hiki. Mtu akikufungia mlango kwa hasira, usimfute kabisa. Inawezekana yuko ndani anatafuta namna ya kukufungulia, ila watu wasimwone.

Na ukienda kununua mota, bana kwanza.