Dole Gumba kwa Ndoo ya Usipa

Mama mkubwa wangu anaishi Liuli. Ndiye aliyemlea mjukuu wake baada ya binti yake kufariki, na mjukuu huyo sasa ni mwajiriwa Dodoma. Mkewe alipojifungua, mama mkubwa alinunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, ufukweni, akauanika mwenyewe, akaondoa vipande vilivyovunjika, akajaza ndoo na kuniletea Mbinga kwa gari la asubuhi. Mimi nikaipakia kwenye basi.

Ndoo ilipopokelewa, niliandika kwenye kundi la ukoo, lile la simuni, kwamba mzigo wa bibi umefika. Jioni mama mkubwa akanipigia.

“Imefika?”

“Imefika, mama.”

“Kasemaje?”

Nikatazama simu. Chini ya ujumbe wangu palikuwa na dole gumba la manjano, basi.

“Ameweka dole.”

“Dole la nini?”

“Dole gumba, mama. Limesimama.”

“La mtu aliyeshiba, au la mtu anayesimamisha lori?”

Akauliza kama mzazi anakula, kama maziwa yanatoka. Dole halikusema. Kisha akasema taratibu, “Labda usipa uliharibika njiani, anaona aibu kuniambia.”

Hapo ndipo nilipokasirika. Wiki ileile kijana huyo alikuwa amepewa fulana ofisini kwao, na kwenye ukurasa wake akamshukuru mkuu wake kwa aya nne: kwa unyenyekevu mkubwa, kwa moyo mkunjufu, kwa niaba ya familia yake. Nilizisoma zote, na sikuona kosa la uandishi hata moja. Kumbe maneno anayo. Anajua pia nani wa kumpa.

Nikampigia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Ndoo ya bibi yako uliipata?”

“Si nilijibu, mjomba? Niliweka dole.”

“Ulimwekea nani?”

“Bibi.”

“Bibi yako hayumo kwenye kundi.”

“Hayumo?”

“Simu yake ni ya vitufe. Hajawahi kuwemo.”

“Aa! Basi mfikishie, mjomba. Mwambie usipa umefika salama, nimeshukuru sana. Nitampigia wikiendi.”

Nilikataa kumfikishia. Sina ugomvi na dole. Kwa tangazo la kikao linatosha, na mimi mwenyewe hulitumia. Lakini huyu aliishi miaka yote katika kundi moja na sisi bila kugundua kwamba aliyemlea hayumo, kisha akadhani ameshukuru kwa sababu kidole chake kiligusa kioo. Asante isiyomfikia mtoaji ni ya nani? Nilimweleza mama mkubwa jambo moja tu, kwamba usipa haukuharibika, na mengine atayasikia kwa mwenyewe.

Wikiendi ikapita. Ikapita nyingine. Kisha ndoo ikarudi Mbinga kwa basi. Kwetu chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu, hata kama ni chumvi kidogo unatia, na hilo kijana alilikumbuka. Nikaibeba mwenyewe hadi Liuli. Mama mkubwa akafungua kifuniko, akatoa fulana, ileile ya aya nne, akaitandaza mapajani.

“Imeandikwaje hapa kifuani?”

Nikamsomea: “Mteja wetu, tunakujali.”

“Mteja ndiyo mimi?” Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mimi sikucheka. “Amekupigia?”

“Atakuwa na kazi nyingi, mwanangu,” akasema, akiikunja fulana kwa uangalifu ambao haikustahili.

Nikatoa simu yangu, nikabonyeza namba ya kijana, nikaweka sauti ya juu, nikamkabidhi.

“Mjomba, nipo kwenye kikao, naomba nikutumie me—”

“Siyo mjomba,” mama mkubwa akasema. “Ni mimi. Mtoto ananyonya?”

Tulisikia kiti kikisogezwa, kisha mlango ukifungwa.

“Shikamoo, bibi,” akasema, na sauti haikuwa ya ofisini tena. “Ananyonya. Mama yake ule usipa kaumaliza. Bibi, asante. Nilipaswa...”

“Marahaba, baba,” akamkatiza. “Sema polepole, nasikia.”