Mashine Isiyoamkia

Ulikuwa ule mwaka usipa, dagaa wa ziwa letu, ulipojaa ziwani mpaka sisi wa milimani, huku Mkumbi, tukala dagaa na ugali asubuhi, dagaa na ugali jioni, na paka wangu akipewa anageuza uso. Ndio mwaka mkwe wangu, mume wa binti yangu, alipopanda kutoka Lipingo na gunia la dagaa begani na boksi kwapani. Nikajua tu. Mkwe hakubebei gunia zima kwa mapenzi.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha gemu. Ndiyo, mimi niliyeishia darasa la tatu. Stoo ya kahawa ya marehemu mzee niliifagia, nikaweka televisheni na mashine aliyoniachia binti yangu, na sidii zake za michezo kikapu kizima. Vijana wakitoka shamba wanalipa, wanacheza mpira, wanataniana, nami nauza maandazi. Kibanda kile ndicho kilichonifanya nisimwombe mtoto yeyote hata chumvi.

Mkwe akachutama mlangoni, kama adabu inavyotaka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Boksi la nini?"

"Mashine mpya, mama. Kuna mtu Mbinga anauza rahisi. Tumpe ile kuukuu na kikapu chake, tuongeze kidogo tu."

"Iwashe kwanza."

Nikachukua sidii ambayo vijana wanaipenda kuliko mama zao, nikaiingiza mwenyewe. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaitema. Nikaipangusa kwa khanga, nikairudisha. Ikaitema tena, kama mtoto anayelishwa mlenda wa jana.

"Hii haisomi za zamani, mama. Zake zinanunuliwa mpya."

Akataja bei. Kijana mmoja dirishani akapiga mbinja: "Bibi, hiyo ni ndoa! Mahari rahisi, matunzo ndiyo kifo!"

"Kwa hiyo mashine wanaigawa, halafu wananikaba kwenye chakula chake?"

"Ndiyo biashara yao, mama. Kwenye mashine wanakula hasara, faida iko kwenye sidii."

"Baba yako alipobadilisha mtumbwi, ziwa lilimkatalia nyavu zake za zamani?"

"Hapana, mama."

"Na mashimo yangu ya ngolo kule mlimani? Majani ya mwaka jana ndiyo ninayofukia, na ndiyo yanayolisha maharage ya mwaka huu. Umeona shimo likitapika majani kwa kuwa ni ya zamani? Hii mashine yako imezaliwa leo, inamtemea mate bibi yake. Kisichowaamkia wakubwa wake hakilali kwangu."

Akateremka na boksi lake. Dagaa nilibaki nao. Ujinga wangu si wa kiasi hicho.

Msimu wa kahawa uliofuata akapanda tena, anang'aa. "Mama, wamekusikia! Iliyotoka sasa inacheza hata michezo ya zamani."

"Nilete kikapu changu?"

Akakohoa. "Si kwa sidii, mama. Haina hata tundu lake. Mchezo ule ule unaununua upya, unauvuta kwenye mtandao."

Mtandao! Hapa kwetu ukitaka kuongea na mwanao unapanda juu ya kichuguu.

"Yaani kilicho changu wananiuzia tena?"

"Ila mchezo umekuwa safi zaidi, mama."

Mwizi anakurudishia kuku wako kwa bei, halafu anakusifia manyoya.

Nyuma yangu vijana walikuwa wanagombea goli kwenye mashine yangu kuukuu, padi moja ya kuchezea imefungwa mpira wa baiskeli. Na safari hii mkwe hakuwa ameleta hata dagaa mmoja. Nikamwambia taratibu:

"Kisichowaamkia wakubwa wake hakilali kwangu."