Marehemu wa Mwezi wa Kumi na Tatu

Getnet Alemneh alikulia kanisani kabla ya kukalia kiti cha ofisi. Baba yake, mkulima wa nafaka ya tefu huko Gojam, alimpeleka kwa mapadri akajifunze ushemasi. Alilala kwenye kibanda cha nyasi, akaomba chakula nyumba hadi nyumba kama wanafunzi wote wa kanisa, akakariri siku za watakatifu. Ungemtajia siku yoyote ya mwaka, angekwambia ni ya Mikaeli, ya Mama Mariamu au ya nani. Ushemasi haukuendelea. Aliingia shule ya serikali, kisha chuo, akaajiriwa kutunza takwimu katika hospitali ya mji wao. Lakini zile siku hazikumtoka kichwani, na ndiyo maana yaliyompata yalimuuma maradufu.

Vituo vya afya vya wilaya nzima vilikuwa vikimletea mafaili, nayo yakirundikana kwenye kompyuta kama magunia ghalani. Wakubwa wa Bahir Dar, makao makuu ya jimbo, walikuwa na programu yao ya ripoti, na programu ile haikujua kusoma mafaili. Ilijua kuzungumza na hifadhidata tu, tena kwa lugha ileile moja inayotumiwa na hifadhidata zote. Getnet akaweka seva ndogo mlangoni pa ghala. Mtu wa Bahir Dar akiuliza, seva ilimjibu kama hifadhidata kamili, kumbe nyuma ya pazia inakimbia kufungua mafaili yaleyale, palepale yalipo. Watu wakamsifu. Zinash, mwenzake wa meza ya pili, akambatiza jina la "bawabu wa magunia".

Kisha dada yake Bosena akafa.

Alifariki akijifungua, siku ya tatu ya Pagume, ule mwezi mfupi wa kumi na tatu unaofunga mwaka katika kalenda yao. Siku hiyo ni ya Malaika Rufaeli, mvua yake ni baraka, na watoto hutoka nje kuioga. Watoto walikuwa wakishangilia uani mwa hospitali, na ndani Bosena anatokwa damu. Hospitali haikuwa na friji ya kuhifadhia damu. Gari lililotumwa kuifuata Bahir Dar lilikuta mto umefurika. Mtoto alipona. Bwana alitoa na Bwana akatwaa, jina lake lihimidiwe.

Mwaka mpya ulipoingia, mkuu wa hospitali, Ato Mekuanint, alikuja na habari. Bahir Dar walikuwa na friji moja ya damu ya kugawa. Wangeipeleka pale ambapo akina mama wengi zaidi wamekufa kwa kutokwa damu, na hesabu ya hapa wangeitoa kwenye seva ya Getnet. Kikao cha kuamua kilikuwa karibu.

Getnet akaiuliza seva. Akaangalia jibu, akauliza tena. Bosena hakuwamo.

"Labda faili halijaletwa," alisema Zinash.

"Faili ni la hapahapa. Nimelipokea kwa mkono wangu."

Akauliza kwa jina, bila kutaja mwezi wala mwaka. Hapo akamwona. Jina lipo, umri upo, sababu ya kifo ipo, ila mahali pa tarehe ni patupu. Faili lilisema mwezi wa kumi na tatu, na seva iliijua miezi kumi na miwili tu. Isichokijua ilikiacha wazi bila kusema neno, na asiye na tarehe hahesabiwi katika mwaka wowote.

Ni yeye aliyeiambia seva kwamba tarehe zile ni za kawaida, za miezi kumi na miwili. Aliijaribu kwa mafaili ya Meskerem, mwezi unaofungua mwaka, ya Tikimt, ya Hidar, ikaitika vizuri. Mtoto wa kanisa mzima, akaisahau Pagume! Alipiga meza ngumi, kahawa ikamwagikia karatasi.

"Pagume nani anaikumbuka?" Zinash alisema. "Hata mshahara wake hatuujui, tunalipwa miezi kumi na miwili tu. Kompyuta nayo imegoma kufanya kazi ya bure." Alipoona hacheki, akashusha sauti. "Samahani, kaka. Ila sikia, si umsogeze tu? Mrudishe mwisho wa Nehase, mwezi wa kumi na mbili. Ni siku chache, nani atajua?"

Wazo lile lilimnasa. Jioni alimweleza mama yake, Emama Yirgedu, aliyekuwa akimlisha mjukuu maziwa.

"Umesema umsogeze nani?"

"Ni kwenye kompyuta tu, mama."

"Mwanangu alikufa mvua ya Rufaeli ikipiga bati, nami nimemshika mkono. Siku ile aliichagua Mungu. Mimi nimegombana naye mpaka sauti imekauka, na hajaibadilisha. Wewe na mashine yako ndio mtaibadilisha?"

Kesho yake akaanza upya. Aliiamuru seva iiache kila tarehe kama ilivyoandikwa failini, na pembeni yake ikokotoe tarehe ya kizungu, ili Pagume ipate pa kukaa. Kusema ni rahisi. Seva iliwaka ikazima, ikawaka ikazima. Ilipotulia, programu ya Bahir Dar ikaikataa. Ilipokubali, Ato Mekuanint akaingia na karatasi mkononi.

"Meskerem yangu iko wapi? Naona Septemba hapa! Umetuhamisha nchi?"

"Ipo, bosi, safu ya pembeni."

"Nirudishie ilivyokuwa."

"Ilivyokuwa ilikuwa inaficha maiti."

Mzee aliiweka karatasi mezani, akaondoka.

Siku iliyofuata jibu lilikuja sawa. Bosena alikuwamo, na tarehe yake. Lakini hakuwa peke yake. Wanawake wa Pagume za miaka iliyopita nao walitokea, mmoja chini ya mwingine, kana kwamba walikuwa wamepanga foleni mlangoni muda wote huo. Zinash alisoma majina kwa sauti ndogo. "Huyu Tsige alikuwa jirani yetu," akasema, na utani ukamwisha. Getnet akafanya ishara ya msalaba. Ato Mekuanint akaipeleka hesabu ile Bahir Dar mwenyewe.

Majibu yake yalifika siku ya arobaini ya Bosena. Mapadri walikuwa wamemaliza sala na watu wanakula injera, mkate wa tefu. Ato Mekuanint alikaa karibu na wafiwa, shuka jeupe mabegani.

"Hesabu wameikubali. Hakuna hospitali iliyotupita."

Getnet alifumba macho.

"Ila friji walishaiahidi kwingine, kwa hesabu ya zamani. Yetu wamesema mwakani."

"Mwakani lini?" aliuliza Emama Yirgedu.

"Meskerem, mama, Mungu akipenda."

"Na kabla ya Meskerem si kuna Pagume?"

Getnet akasimama, akamwomba Ato Mekuanint namba ya simu ya mkubwa wa Bahir Dar anayegawa friji.

"Leo? Leo ni arobaini ya dada yako, mwanangu," alisema Ato Mekuanint.

"Ndiyo maana," alisema Getnet, mkono bado ameunyoosha.