Jiwe la Magoti Mawili

"Hivi dada, mji unawezaje kuzeeka miaka elfu kwa mwaka mmoja?" Jirani yangu Deveshwari aliniuliza hivyo tukifua mtoni. Alikuwa amemsikia yule kaka anayewatembeza mahujaji hapa mjini akisema: mwaka jana mji wetu ulikuwa na miaka elfu mbili, mwaka huu una elfu tatu. Milima nayo huirefusha kadiri wageni wanavyohema. Husimulia akiwa amefumba macho, kiganja kifuani, hadi kwenye jiwe ambalo mtawa wa kale alilipigia magoti miaka mia, yakaacha vishimo viwili. Hapo hushusha sauti, akavipapasa kwa kidole gumba, na watu hulia. Hata mimi nimewahi kulia, Mungu anajua.

Juzi mto ulifurika ukaondoka na jiwe. Leo asubuhi nimemkuta mtembezaji huyo amechuchumaa pale lilipokuwa, koti limelowa, macho wazi.

"Sasa utawaonyesha nini, kaka?"

Alilitazama jiwe langu la kufulia, lililochimbwa na magoti ya mama mkwe wangu, kisha yangu, kwa miaka hamsini.

"Dada, naomba uniazime hilo jiwe. Basi linafika saa nne."