Nilipotuma Mshenga kwa Profesa

Tangazo lilikuja kwenye kundi la simu la idara yetu. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mwanasheria mchanga, akae kwao miezi sita kama mtafiti mgeni. Maktaba wanayo, nyumba wanatoa, nauli wanalipa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nami nikajiuliza wenyeji hawa wanaumwa nini. Baba alikuwa mfugaji, na ng'ombe wa bei rahisi alimkagua meno kabla ya kuuliza lolote. Nilisoma tangazo lile mara kadhaa nikitafuta mtego. Nilipoukosa, shaka yangu nikaihamishia kwa watu.

Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa sheria hapa Mwanza, na mada nilikuwa nayo. Ziwa lilipopanda lilimeza viwanja vya watu. Maji yakirudi nyuma, ardhi ile ni ya nani? Nilikuwa nimevuka kwenda Kamanga mara nyingi, nikakaa na wenye viwanja wakanionyesha kwa kidole mahali penye maji palipokuwa jiko lao. Nafasi ile niliitaka mpaka naona aibu. Kilichobaki ni barua ya mapendekezo kutoka kwa profesa aliyesimamia tasnifu yangu.

Na huyo profesa sikumwamini. Tangu nianze kufundisha, marahaba yake ilikuwa inatoka huku anatazama simu. Siku moja alichungulia ofisini kwetu akauliza, "Bado uko na ziwa lako?" Nikajibu, "Nipo nalo, Prof," akaenda zake. Swali hilo nililichambua kama hukumu ya rufaa. Nikahitimisha kwamba ama ana mtu wake wa kumpeleka Ulaya, ama mada yangu anaitaka yeye.

Kwetu jambo zito halipelekwi na mwenye nalo. Anayetaka mke hutuma mshenga, akikataliwa aibu inamwishia mshenga njiani. Sikuona kwa nini barua isiombwe hivyo hivyo. Nikamteua mwenzangu wa ofisini, mtu wa Kagera mwenye ulimi laini, anayevaa suti hata jua la Mwanza likiwa limekasirika.

"Kaka, nenda ukamsikilizie tu," nilimwambia. "Usiseme nimekutuma."

"Dada, hilo tu? Mzee yule namuweza."

Alienda, akarudi akasema mzee ana haraka. Alienda tena, akarudi akasema mzee ana wageni. Kila mara nilimhoji kama shahidi: alikukaribisha kiti? Alicheka? Nani alinitaja kwanza, yeye au wewe? Alijibu yote bila kukwama, nami nikazidi kumchukia Profesa.

Kisha mwenzangu akanialika Igoma kula sato. Mhaya anayekununulia samaki bila sherehe ana neno, nikajisemea, lakini nikaenda. Hakugusa samaki wake.

"Dada, siwezi kukuficha. Mara ile ya pili mzee aliniuliza, na wewe mbona huombi? Nikaomba. Ameniandikia barua."

"Na mimi?"

"Nilikutaja. Akasema kama unaitaka, miguu unayo."

Nilikasirika, nikaisukuma sahani yangu pembeni. Umdhaniaye ndiye siye. Nilikuwa nalinda mlango wa mbele, na wa nyuma nimempa mtu ufunguo.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe. Profesa alinivutia kiti.

"Nilikuja mpaka mlangoni kwako nikakuuliza habari za ziwa," alisema. "Ukanijibu kama askari wa getini. Nikajua umeacha, au hunitaki."

Barua aliiandika palepale, huku nimekaa, na kila alichokisema juu yangu kilikuwa kizuri kuliko nilivyothubutu kukifikiri. Nikatuma maombi siku ile ile. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na alichaguliwa mshenga wangu.

Kabla hajasafiri alikuja nyumbani kwangu Kiseke, akaniomba nimpitie andiko lake la utafiti, nimkosoe bila huruma. Nilifurahi kupita kiasi. Alipoondoka tu nikachukua kalamu nyekundu na kuanza kulitafuta ziwa langu. Nilijua liko mle. Labda aya moja, labda hoja ya Kamanga aliyonisikia nikiisema kwenye simu. Hata neno moja lingenitosha kumwita alivyostahili.

Hakukuwa na tone. Aliandika juu ya migomba ya kwao, na mashamba yasiyoweza kuuzwa kwa sababu kaburi la babu limo katikati. Kuna ukurasa mmoja, kuhusu mama yake akipalilia kuzunguka kaburi, niliousoma huku kalamu nimeiweka chini. Ilikuwa kazi nzuri, na ilikuwa yake yote.

Ningelala vizuri zaidi kama angekuwa mwizi.