Majani ya Moyo na Mikono Miwili

Watu bado wananijia kuomba majani ya moyo. Anakuja mama aliyefiwa, anakuja kijana aliyefukuzwa kazi, anakuja mke ambaye mumewe hasemi naye tangu Ramadhani. Kabla sijawauliza wanaumwa nini, nawauliza swali moja: nani mwingine anakupa dawa? Wengine wanakasirika. Wanasema wamekuja kutibiwa, hawakuja kuhojiwa na polisi. Basi nawaambia warudi kwao. Hasira zangu ziko karibu, najua, na katika jambo hili sitaki kuzipunguza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu ukiitwa bado kwa jina la Mzungu, ingawa nyumbani tulisema Kisangani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Watu wetu walitoka Maniema zamani za misafara, na tulikaa katika mtaa wa Waislamu, nyumba ya udongo yenye ua mpana nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na minane, sijaolewa. Dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama desturi ya mjini, alikuwa ameolewa Banalia na mfanyabiashara wa samaki wa moshi aliyekuwa na mke mwingine.

Mwaka ule yaya alirudishwa kwetu kwa kamio, lori la samaki, pamoja na binti yake wa miaka minne. Mtoto wake wa pili, wa kiume, alikuwa amekufa akiwa na miezi miwili. Tangu mazishi yaya hakula vizuri, hakuoga mpaka aambiwe, na ukimsemesha alikutazama kama mtu anayesubiri umalize uende. Wakwe walisema apumzishe moyo kwa wazazi wake. Baada ya mwezi wangekuja kumtazama. Wakimkuta mzima, atarudi kwa mumewe na mtoto. Wakimkuta vile vile, mtoto atarudi peke yake, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba na hakuna wa kubisha.

Bibi yetu, mama wa baba, ndiye aliyekuwa na majani ya moyo. Jina lake halisi halikutajwa mbele ya mgonjwa, na mimi sitalitaja hapa. Ni jani dogo, lina manyoya chini, ukilifikicha linanuka kama ganda la chungwa bichi. Bibi alinifundisha alipokuwa akimpa yaya mara ya kwanza.

"Mujukuu, hii majani iko na nguvu kama mutu," aliniambia. "Majani tatu tu, asubuhi, kama amekwisha kula. Siku tatu, kiisha unamuacha apumuzike. Kama mikono yake inatetemeka, unaacha siku ile ile. Hapana kungoja kesho."

Kulikuwa na sharti jingine, na hili ndilo lililotumaliza. Dawa ya moyo haitangazwi. Mtoaji hasemi ametoa, mgonjwa hasemi amekunywa katika mkono wa nani. Tuliamini kwamba dawa ikitajwa mdomoni inapoteza nguvu. Hata baba hakuuliza. Aliona kikombe cha bati, akageuza uso kwa adabu, akaendelea kukanyaga cherehani yake.

Siku zile tatu za kwanza majani yalifanya kazi yake. Siku ya nne nilimkuta yaya uani akitwanga ndizi za lituma, ugali wetu wa ndizi, na mtoto wake ameegemea mgongo wake. Alikuwa anamwambia asogee asije akapigwa na mchi. Ni maneno ya kawaida tu, lakini nilikuwa sijayasikia kwa wiki nyingi, nikaenda nyuma ya choo kulia. Bibi akasema imetosha, sasa tumwachie Mungu.

Tungemwachia Mungu, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ikaja habari kutoka Banalia kwamba wakwe watafika Ijumaa, wiki moja mapema. Yaya aliposikia alirudi kitandani akageukia ukuta. Mtoto alimletea ndizi iliyomenywa, akaiweka pale kwenye mto wa kulalia, na ndizi ikabaki hapo mpaka nzi wakaikuta.

Nilishikwa na woga, na woga wangu huwa unatoka kama hasira. Nikamwona bibi ameketi na tasbihi yake, mtulivu, nikasema moyoni: huyu mzee ameridhika na kuomba, na mtoto anakwenda kuchukuliwa. Nikaenda sokoni, nikamtafuta mwanamke wa Banalia anayeuza mizizi na maganda, nikanunua fungu langu mwenyewe la majani yale. Kila siku, bibi akienda kwa jirani saa nne, nilimchemshia yaya majani matatu. Alikunywa chote.

Jumatano aliamka, akaoga. Alhamisi alifagia ua mara tatu, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu, akamsuka mtoto, akamfumua, akamsuka tena. Alisema sana, maneno yakikimbizana. Bibi alimtazama akitabasamu, nami nikatabasamu, kila mmoja akijipongeza kimyakimya. Ijumaa asubuhi, alipokuwa akimimina chai, niliona mikono yake inatetemeka hata chai ikamwagika kwenye sahani. Niliona. Sitasema sikuona. Nilijiambia ni hofu ya wakwe, nani asingetetemeka? Nikampa kikombe changu cha mwisho.

Walikuja baada ya sala, mzee, baba wa mumewe, na dada yake. Baba aliwapokea, mikeka ikatandikwa, wakauliza hali. Yaya aliingia amevaa liputa safi kiunoni na kanga begani, akapiga magoti, akasalimia kama inavyotakiwa. Nilimwona yule shangazi anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilihesabu tumeshinda.

Kisha mzee akasema tuanze kwa kumwombea marehemu mtoto. Akainua mikono, nasi tukainua, na katikati ya Fatiha yaya akacheka.

Kwanza kilikuwa kicheko kidogo, cha puani. Akajiziba mdomo kwa kanga. Kikatoka tena, kikubwa zaidi, akapinda mgongo, machozi yakimtoka, akajaribu kusema samahani na hata ile samahani ikawa kicheko. Mzee alishusha mikono. Na mtoto, ambaye hakuwa amemsikia mama yake akicheka tangu mdogo wake afe, akafurahi, akamkimbilia, akaanza kucheka naye akipiga makofi.

Hakuna aliyepandisha sauti. Walikuwa watu wa heshima, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Mzee alimwambia baba polepole:

"Papa, hatuna maneno mubaya na yeye. Lakini mutoto hawezi kubakia na mutu anachekea maiti."

Shangazi alimshika mtoto mkono, akauliza nguo zake ziko wapi. Mimi ndiye niliyezifunga. Kamio iliondoka kabla ya alasiri.

Jioni yaya alipotapika na moyo ukimpiga hata ukionekana shingoni, bibi alikuja jikoni akanikuta nikitupa majani yangu motoni. Tulitazamana. "Na weye?" aliuliza, na mimi nikauliza hilo hilo. Yeye alikuwa akimpa alfajiri, kila siku tangu habari za wakwe zifike, yeye mwenyewe aliyenifundisha kupumzisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Sisi tulificha dawa. Bibi aliketi chini kwenye majivu, nami nikaketi kando yake.

Tuliacha majani yote. Tulimpa yaya uji, maji, na usingizi. Wiki ya pili alikula bila kuhimizwa, wiki ya tatu alikuwa mzima kabisa, anaongea kwa kiasi, anashona vifungo pamoja na baba. Baba alituma ujumbe Banalia mara mbili kwamba waje wamtazame tena. Walijibu kwamba wameshamtazama.

Ndipo nikaenda kumwomba radhi. Nilimweleza yote, kikombe cha alfajiri na kikombe cha saa nne, mikono niliyoiona ikitetemeka. Hakuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akishona.

"Nilijua, leki," alisema, kama mtu anavyomwita mdogo wake. "Moja, ya alfajiri, ilikuwa ya koko, bibi yetu, ingine yako. Nilisema, bon, kama moja inanisimamisha, mbili itanirudishia mutoto. Kama ningewaambia, mungeacha."

Nilimkasirikia siku ile, Mungu anisamehe, nikamwacha peke yake na sindano yake. Mtoto alikuwa amekwisha kukaa Banalia mwezi mzima, na wachuuzi wa samaki waliotoka huko walituambia kwamba sasa yule mke mwenzie yaya ndiye anayemwita mama.