Nusu ya Blanketi

Kijijini kwetu Maguu, kule mlimani, kuna baridi ya kung'ata, na nyumbani kwetu tulikuwa na blanketi moja la kijivu, ambalo baba alirudi nalo kutoka kwenye mashamba ya mkonge. Alipoondoka tena hakurudi. Nilipochaguliwa kwenda shule ya bweni ya misheni huko chini ziwani, tuliambiwa kila msichana aje na blanketi lake. Asiye nalo angerudishwa siku hiyo hiyo.

Mama hakumbembeleza mtu. Alilitandaza blanketi juani, akalikunja katikati, akalikata kwa kisu cha jikoni.

"Sijawachimbia watu mashimo ya ngolo mashambani mwao mteremko mzima ili wewe urudishwe kwa sababu ya kitambaa," alisema.

Nusu ile nyingine akabaki nayo yeye na mdogo wangu, bado mtoto wa kubebwa.

Huko ziwani, joto lake acha tu! Wenzangu wa Kinyasa walijifunika kanga, na mablanketi yalikaa yamekunjwa miguuni yakisubiri ukaguzi. Nilikasirika hadi nikalia. Mama yangu anatetemeka kule mlimani, na nusu yake iko hapa haimfuniki mtu!

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda sana asili ya maneno. Siku moja alitueleza kwamba jina la blanketi Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa wa zamani, kwenye neno lao la weupe. Mwanzoni ilikuwa sufu tu isiyotiwa rangi. Baadaye jina likaenea kwa kila nguo nzito ya kujifunika, iwe nyekundu, iwe ya kijivu. Tena, alisema, Mwingereza hulitumia hata kwa ukungu ulioufunika mlima wote, hata kwa amri isiyombakiza mtu. Wenzangu waliandika. Mimi nilibaki na lile la kufunika chote, maana nilichokuwa nacho ni kipande. Nikaapa palepale kwamba mama atapata blanketi zima, tena jeupe kama jina lake lilivyoanza.

Likizo nilimsimulia. Akalitazama lake, lililoiva kwa moshi.

"Basi letu limesahau kwao," alisema, akacheka.

Nilimwachia nusu yangu kitandani kwa siri. Nilipofika shule niliikuta ndani ya mzigo wangu, imefuliwa.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu. Kabla sijajinunulia hata viatu, nilikwenda Songea. Mwenye duka alinionya kwamba jeupe huchafuka upesi. Nikamwambia aniteremshie hilo hilo.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalitandaza juani, akalipapasa, kisha akalikunja katikati.

"Nipe kisu, mwanangu. Mdogo wako anakwenda bweni mwakani."

Nilikiwahi kisu, nikakificha nyuma yangu.

"Hili halikatwi, Mama. La mdogo wangu nitanunua mimi."

Alibisha. Nami nikabisha, kwani ubishi nilirithi kwa nani? Mwishowe akakaa mkekani, akajifunika lote, kuanzia utosini hadi vidoleni, jua la saa sita likiwaka. Kisha nikamsikia analia, nami sikumfunua.